Aliyeshinda Ndiye Anayekwenda

Kocha hakukubali kushindwa hata na lifti. Ikichelewa kushuka alipanda ngazi ghorofa sita na mifuko yake ya sokoni, akafika juu akihema, kisha akaisubiri mlangoni ili aione ikifika ya pili. Naanza na hilo kusudi, kwa sababu ninalotaka kusimulia ni jinsi mwanamke huyohuyo alivyotufundisha kushindwa makusudi, na jinsi mimi, nahodha wake, nilivyotii.

Jina lake lilikuwepo kwenye barua za ofisi na kwenye kibao cha mlango wake pale Akalla, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Alikuwa Kocha kwa Watanzania, Kocha kwa Wakenya, Kocha kwa Warundi na Wakongo. Ukimwita mama aliangalia nyuma kutafuta huyo mama. Naye hakutuita majina. Alituita kwa namba za jezi, na mimi nilikuwa Kumi na Moja, hata msibani, hata siku ya harusi yangu. Mpaka leo nikiwa kwenye treni ya bluu, mtu akitaja kumi na moja, nageuka.

Alizaliwa wapi na nani sitasema, maana hakupenda kuulizwa. "Mimi si ng'ombe," alisema, "wa kuangaliwa ukoo kabla ya kununuliwa." Tulichojua ni kwamba aliletwa Uswidi kwa mafunzo ya miaka miwili, akiwa msichana mwenye magoti mazima, na kwamba alikuwa anarudi nyumbani mwakani. Hilo la mwakani nililisikia mwaka wangu wa kwanza na nikalisikia tena mwaka wa kumi. Sanduku lake la safari lilikaa sebuleni karibu na mlango, nasi tuliweka viatu vyetu juu yake. Hakununua mapazia. Hakununua kitanda, alilala kwenye kochi, kwa sababu kitanda ni cha mtu anayekaa. Ukimwuliza kwa nini anaishi hivyo na kazi anayo, alikujibu kwamba mwaka huu ni wa kujipanga, si wa kuishi. Alisema hivyo kwa furaha kabisa, na ilichukua muda kabla sijaanza kuogopa maneno hayo.

Kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao huko Spånga. Aliwaogesha, akawapa dawa, akawafunga viatu. Alirudi akiwaigiza sauti zao mpaka tukacheka tukashika mbavu, lakini mmoja wao akifariki alikaa siku tatu hasemi na mtu. Alikuwa mfupi, mpana, na Jumapili alivaa suruali ya mazoezi ndani ya kitenge cha kanisani ili ibada ikiisha asipoteze dakika. Alifika kwenye ukumbi wetu wa mpira wa kikapu saa nzima kabla yetu. Ukumbi ulikuwa chini ya shule, hauna dirisha hata moja, na mlango wake ulifunguliwa kwa kitufe cha plastiki kinachofanya kazi ya ufunguo, ambacho manispaa ilimpa yeye peke yake, naye akakivaa shingoni. Mchezo ukianza aliufunga mlango. Ukitaka kutoka ulimwomba, naye alikuuliza unakwenda wapi.

Kwenye karata ndipo alipotisha. Alicheza karata za turufu, watu wawili wawili, na alikuwa na sheria yake mwenyewe: aliyeshinda lazima amfuate aliyeshindwa kwake Jumapili inayofuata, ampe nafasi ya kulipiza. Kwake yeye mshindi kukaa nyumbani na ushindi wake ni utovu wa adabu. Kwa kuwa alishinda siku zote, maana yake ni kwamba alikuja. Alikuja na chupa ya chai na karata mfukoni, akakaa saa nne, akaona friji yako ina nini, akajua mumeo karudi saa ngapi. Jumapili moja nilikuwa nimechoka, nikazima taa nikanyamaza. Akabonyeza kengele. Kisha nikasikia tundu la barua la mlangoni likifunguliwa, na sauti yake ikaingia ikiwa chini usawa wa magoti: "Kumi na Moja, naziona soksi zako." Nikafungua. Alinishinda tena, na Jumapili iliyofuata akaja tena.

Sasa nieleze habari ya ukutani, maana bila hiyo mengine hayaeleweki.

Tulikuwa timu nne za wanawake: sisi wa Akalla, wa Spånga, wa Södertälje na wa Märsta. Hatukuwa ligi ya mtu yeyote. Makocha wanne walikubaliana tu, wakatafuta kumbi, wakapanga mechi za majira ya baridi, kwa sababu majira ya baridi ndiyo huwamaliza watu huku. Wakaweka na utaratibu huu: kila Jumapili ya kwanza ya Septemba, wanawake waliofika mwaka ule, wanafunzi, waliofuata waume, waliopata karatasi zao, walisimama migongo ikiwa kwenye zile ngazi za mbao za ukutani zinazotumika kwa mazoezi. Timu zikachagua, mmoja mmoja kwa zamu. Iliyoshika mkia msimu uliopita ilichagua kwanza, ili mnyonge naye apate nguvu.

Aliyechaguliwa hakuchaguliwa miguu peke yake. Timu ilimchukua mzima mzima. Ilimtafutia koti, ikamsomea barua za Kiswidi, ikampeleka ofisi ya kodi, ikamwonyesha namna ya kuandikisha zamu ya chumba cha kufulia ili asigombane na jirani. Kwa hiyo wageni walisimama pale wakitetemeka kuliko wachezaji.

Mimi nilisimama ukutani tukiwa sita. Akalla walikuwa wameshika mkia. Kocha alipita mbele yetu taratibu, mikono nyuma. Akatazama mlango. Akarudi tena mwanzo wa mstari, akatazama saa ya ukutani, akatazama mlango tena. Nilifikiri anatutia wasiwasi kwa makusudi, ndivyo wakubwa wanavyofanya. Halafu akasimama mbele yangu, mimi niliye mfupi kuliko wote isipokuwa mmoja, akaninyooshea kidole. "Huyu."

Sijui kama naweza kueleza neno hilo lilinifanya nini. Nilikuwa na miezi minne katika nchi hii na hakuna aliyekuwa ameninyooshea kidole isipokuwa wakaguzi wa tiketi. Nilikwenda upande wa Akalla nikiwa na machozi, na nyuma yangu mlango ukafunguliwa akaingia Mganda mmoja mrefu, Nakato, koti limelowa, akiomba radhi kwamba treni ilisimama njiani. Spånga wakamchukua. Nakato huyo alitutesa chini ya kikapu kwa misimu saba, na kila alipotuchapa nilijiambia kwamba yeye ni mrefu, sawa, lakini mimi ndiye niliyechaguliwa wa kwanza.

Kocha alininunulia koti la rangi ya haradali. Alikaa pembeni yangu kwenye kila ofisi, akizungumza Kiswidi kwa sauti ya kanisani hadi makarani wakainuka vitini. Kazi yangu ya chekechea ni yeye aliyeisikia, ni yeye aliyenipigia pasi blauzi ya usaili. Nilijifungua, akakaa na mimi siku arobaini kwa zamu na mwenzetu Adhiambo. Nilimpenda, na nilibanwa. Ukitendewa wema wa namna ile huna mahali pa kuuweka. Kila alipotaka kitu alianza kwa kurekebisha kola ya koti langu, lile la haradali, hata lilipokuwa limechakaa.

Adhiambo alikuwa Mkenya, dereva wa basi, Namba Nne wetu. Nilifika naye msimu mmoja. Yeye tulimpata zamu ya pili. Alikuwa rafiki yangu wa kweli, yule unayempigia simu ukiwa umekaa sakafuni jikoni. Alicheza kana kwamba kuna mtu wa kwao anatazama.

Msimu ninaousimulia tulikuwa wabovu. Habari zikaenea kwamba Mrundi mmoja, Espérance, anakuja kuungana na kaka yake Spånga. Kwamba ana kimo cha mlango na amecheza Bujumbura tangu utoto. Hapo ndipo mabishano yalipoanza, kwa Kocha nyumbani, viatu vyetu juu ya sanduku.

"Huko Marekani," Kocha alisema, "timu ikishaona mwaka umeharibika, inajilaza chini. Inashindwa kwa mpango, ichague kijana bora. Wale si wajinga."

"Na ndio maana wakaleta bahati nasibu," Adhiambo akasema. "Waliona watu wanalala tu. Sasa hata ukiwa wa mwisho si lazima uchague kwanza. Sisi pia tuandike majina kwa karatasi, tuweke kwa hotpoti, tuvute."

"Bahati nasibu ni kamari. Mimi ni mtu wa kanisani." Alisema hayo huku akichanganya karata.

"Kocha, wacha nikuulize. Kuna timu inashindwa kwa sababu imechoka, na kuna timu inashindwa kwa sababu imejipanga. Zote mbili zinangojea kitu kimoja. Huyu wa kujipanga si anamwibia yule mwingine?"

"Mnyonge hana mlango mwingine, Nne. Mwenye nguvu anaingia mbele. Mnyonge anaingia nyuma, na nyuma nako kuna watu."

"Na wale wanakimbia kila Jumapili? Miguu yao ni ya nani?"

"Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Hiyo methali haina maana hiyo, Kocha."

Wengine tulicheka. Mmoja wetu akasema mchagua jembe si mkulima, tukacheka tena, na chai ikamiminwa. Mimi nilishughulika na vikombe. Ukweli nilikuwa upande wa Adhiambo, tena kwa moyo wote, lakini kola yangu ilikuwa imerekebishwa mara nyingi mno.

Mechi ya mwisho ilikuwa baina yetu na Södertälje, wote tukiwa mkiani kwa pointi sawa. Atakayeshindwa ndiye wa mwisho. Kocha aliniita ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango. Akanirekebishia kola ya jezi, ambayo haina kola.

"Leo mipira ya mwisho usiipatie."

"Kocha, siwezi."

"Waambie na wengine. Nne usimwambie, yule hajui kudanganya kwa miguu."

"Kocha, naomba usinifanyie hivi."

Akanitazama kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko kelele zake. "Wewe unadhani nilikupataje? Kabla yako kulikuwa na nahodha. Naye aliweza kutupa. Siku ile alikosa mipira miwili iliyo wazi, watu wakamzomea, na sababu yake hakuitoa mpaka anahama. Alikosa ili timu ipate mtu. Mtu mwenyewe ndiye wewe, Kumi na Moja. Sasa na wewe mkosee mwenzako."

Nilikaa kwenye benchi. Kitu nilichojivunia kuliko vyote katika nchi hii, kumbe kilikuwa kimeibwa, na sasa naambiwa nikilipie kwa kuiba kingine. Ningekataa ningekuwa nimesema nini? Kwamba kwangu ilifaa, kwa mwingine haifai? Fadhila za punda ni mateke, angesema, na angekuwa na haki. Nilitafuta mlango katika maneno yale nisiuone. Nikatoka nikawanong'oneza wenzangu, isipokuwa rafiki yangu.

Tusilolijua ni kwamba kocha wa Södertälje naye alikuwa amewafungia wachezaji wake chumbani.

Mwanzoni hatukutambua. Robo ya pili ndipo tulipoona kwamba tukiwapa mpira wanaturudishia. Mtu anasimama peke yake chini ya kikapu, hakuna wa kumzuia, anapiga juu kabisa ya ubao. Dada mmoja wa Södertälje alidaka mpira kwa bahati mbaya akautazama kwa hofu. Mwamuzi, mzee wa Kiswidi aliyejitolea miaka yote hiyo kwa ajili ya kahawa yetu na maandazi, alipuliza filimbi akasimamisha mchezo akauliza kama kuna ugonjwa wa tumbo. Watoto wetu pale kwenye mabenchi walicheka, wakaigizana kwa Kiswidi, kisha wakaacha kucheka. Waume waliinamia simu zao. Nataka niseme wazi kwamba niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na mlango ulikuwa umefungwa, na kitufe kilikuwa shingoni kwa Kocha.

Adhiambo peke yake ndiye aliyekuwa anacheza. Alikimbia kutoka upande hadi upande, akafunga, akapiga makofi, akatuambia twende, twende dada zangu, bado ipo. Alidhani tumechoka, hivyo akakimbia na kwa ajili yetu. Kwa miguu yake mwenyewe alitufikisha pointi moja nyuma, zimebaki sekunde chache. Akanipa mpira. Beki wa Södertälje akanivuta jezi mchana kweupe, kusudi, mbele ya mwamuzi, ili nipewe mitupo miwili ya adhabu. Alijua sikosi. Hakuna katika ukumbi ule ambaye hakujua kwamba mitupo ya adhabu sikosi.

Nilitupa wa kwanza ukagonga chuma. Adhiambo akaja akaniwekea mkono mgongoni. "Pumua, dada," akasema. "Usijali. Pumua tu." Nikapumua. Nikatupa wa pili, nao sikuupeleka hata karibu.

Wiki ile Adhiambo alinipikia. Alikuja kila siku baada ya zamu na sufuria imefungwa kwa kitambaa, samaki, sukuma, ugali wake mgumu, kwa sababu alisema mtu akikosa namna ile mbele za watu hawezi kujipikia. Alikaa nami nikila. Alinihadithia mikosi yake yote ya tangu shuleni ili nisijione peke yangu. Mara tatu nilifungua kinywa nimwambie. Nikimwambia namuuza Kocha. Nisipomwambia nakula chakula chake. Nikala.

Septemba ikaja. Espérance alisimama ukutani akiwapita wote kwa kichwa, mpole, akitabasamu kwa kila mtu kwa vile hakujua nani ni nani. Kocha safari hii hakutazama mlango wala saa. Alikwenda moja kwa moja. Na kwa furaha yake, kwa ile furaha tu ya mtu aliyengoja, akanigeukia mbele ya timu zote nne akasema, "Kumi na Moja, mitupo yako miwili hiyo hapo imesimama."

Alidhani ananisifu. Mpaka leo naamini alidhani ananisifu.

Adhiambo alikuwa anakata maandazi mezani. Aliweka kisu chini. Hakupiga kelele; wala hakumtazama Kocha. Aliniambia mimi, kwa sauti ya kawaida, "Nilikupikia. Wiki mzima nilikuwa nakupikia, na ukakula."

Akavaa koti. Akasimama mlangoni mpaka Kocha alipomfungulia.

Hakurudi. Tunakutana stesheni ya Akalla mara moja moja, tunasalimiana vizuri, tunaulizana watoto. Wakati mwingine napanda basi, namwona ndiye dereva, nainama nikibonyeza kadi. Yule Espérance alicheza nasi Jumapili mbili, akapata kazi kwenye kiwanda cha dawa huko Södertälje, zamu za mwisho wa wiki, akahamia hukohuko. Mwaka uliofuata tukamkuta kwenye timu yao. "Miye sikujuwa, dada," aliniambia, akicheka kwa haya, "sikujuwa kama muliteseka kwa ajili yangu." Makocha wakaanzisha hotpoti ya karatasi, kama Adhiambo alivyoshauri. Nasi Akalla tukashika mkia msimu ule, na msimu uliofuata, bila kupanga. Miguu ilikuwa imezoea.

Kocha hakuomba radhi. Alisema mwaka huu ni wa kujipanga.

Kisha magoti yake yakakataa, na kichwa nacho kikaanza kumchezea, si sana, kiasi cha kuacha jiko linawaka. Wakampa chumba kwenye makao ya wazee huko Spånga, barabara ileile aliyoipita kwenda kuogesha watu. Sanduku lilikwenda naye. Mlango wa ile sehemu yao unafunguliwa kwa namba, na namba zimebandikwa ukutani kwa ajili ya wageni, zimeandikwa kinyumenyume ili wakazi wasizitambue. Nilipokwenda mara ya kwanza nilimwuliza kama anazijua.

"Namba nazijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Miguu ndiyo haizijui."

Nilikwenda mara chache, nikisukumwa na haya. Mara ninayoikumbuka ni Jumapili moja ya Januari mwaka huu, saa nane mchana, mwanga umeshaanza kuondoka. Alikuwa kitini, kitenge juu ya suruali ya mazoezi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama. "Lile koti liko wapi?" Nikamwambia nililitupa. Akatikisa kichwa.

Akatoa karata. Nilikuwa nimeamua njiani kwamba leo namwuliza, nikamwuliza wakati anagawa. "Kocha, hujawahi kujuta? Kwa ajili ya Adhiambo?"

"Nne alikuwa mchezaji," akasema. "Nilimpoteza mchezaji."

"Na yule nahodha wa kabla yangu? Alikosa kwa ajili yangu, akazomewa."

Alishika karata akafikiri. Nadhani kama kichwa chake kingekuwa kile cha zamani asingesema. "Hakukosa kwa ajili yako," akasema. "Alikosa kwa ajili ya yule Mganda mrefu. Tulikuwa tumesikia habari zake. Nikamngoja, nikamngoja, treni ikasimama. Saa ikafika, wale wenzangu wananiambia chagua, chagua. Sasa ningefanyaje? Nikasema huyu."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayeeleza kwa nini alinunua vitunguu vyekundu badala ya vyeupe.

Miaka yote ile, koti, kola, mitupo miwili, sufuria ya Adhiambo imefungwa kwa kitambaa, vyote vilisimama juu ya treni iliyochelewa. Nilitaka kuondoka. Kilichonizuia ni karata mkononi mwangu, na nikakumbuka sheria. Akinishinda, ni yeye anayepaswa kunifuata. Na hawezi. Ningeshindwa leo, mambo yangekwisha hapa, kwa adabu kabisa, na hakuna ambaye angenilaumu. Basi nikaanza kutupa karata nzuri.

Nikamwachia mfalme. Akaniachia na yeye malkia. Nikacheza ovyo, naye akacheza ovyo zaidi. Nilidhani ni ugonjwa, hadi nilipomwinulia macho nikaona anavyoziangalia karata zangu, kwa umakini uleule wa siku zote. Hapo nikaelewa mwanamke huyu anafanya nini. Tulikuwa tena ndani ya ukumbi usio na dirisha, watu wawili tunaogopa mpira.

Ikabaki karata moja moja. Yangu ilikuwa nne ya pau, haina thamani, nikaiweka mezani. Turufu ilikuwa shupaza, na karata zote zilikuwa zimeshatoka isipokuwa moja, ree ya shupaza, ambayo kwangu haikuwepo. Ile ndiyo iliyokuwa mkononi mwake, na ingenimaliza.

Kocha alilaza karata yake mezani, uso chini, akaifunika kwa kiganja. "Nimeshindwa," akasema.

Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Akaondoa kiganja, akatazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa maegesho na theluji chafu. Niliweka kidole juu ya karata ile. Ningeigeuza tu. Ningeigeuza, ningemwonyesha ameshinda, ningevaa koti langu, ningebonyeza namba zile kinyumenyume, ningetoka.

Nikaichomeka katikati ya zile nyingine bila kuigeuza, nikazichanganya zote.

"Basi nitakuja," nikasema. "Jumapili."

"Saa nane," akasema Kocha, bado akitazama nje. "Na usichelewe, Kumi na Moja. Mimi sipendi kumngoja mtu."